Mguu wa Kulia wa Adam Vinatieri

Leo alfajiri nimemkosa mtoto mshipa mara mbili. Kazi yangu hapa Indianapolis ni kutoa damu za wagonjwa waliolazwa, na kanuni ya wodi ninayohudumia ni kwamba ukikosa mara mbili unaweka sindano chini na kumwita mwenzako. Nilimwita. Alikuja, akaufunga tena ule mpira wa mkononi, akaupata mshipa mara moja, mama wa mtoto akamshukuru, nami nikasukuma toroli langu la mirija kuelekea chumba kilichofuata huku mikono ikiwa imepoa. Nimerudi nyumbani na usingizi umekataa kuja. Tangu saa tatu asubuhi namfikiria mtu ambaye kwa misimu 24 alifanya kazi isiyo na mwenzake wa kumwita.

Mtu huyo ni Adam Vinatieri, mpigaji wa mikwaju katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Sisi tuliokulia kwenye kabumbu huuona mchezo ule kuwa ni watu kugongana tu, na mimi mwenyewe niliuona hivyo kwa miaka mingi kabla sijamwangalia mtu huyu kwa makini. Timu ina wachezaji wapatao 53, na miongoni mwao mpigaji wa mikwaju kwa kawaida ni mmoja tu. Mashambulizi yakikwama karibu na lango la wapinzani, huitwa yeye aingie kutafuta pointi 3. Wenzake wakifunga tachidauni, yaani wakiufikisha mpira hadi mwisho wa uwanja upande wa wapinzani, huingia kuongeza pointi 1. Mwenzake mmoja huurusha mpira kwa nyuma kupitia katikati ya miguu yake, wa pili aliyepiga goti huudaka yadi 7 au 8 nyuma, huusimamisha chini na kuuzungusha ili nyuzi za mshono zielekee golini, na hapo hapo mguu unafika. Tangu mpira kurushwa hadi kupigwa ni kama sekunde 1.3. Milingoti imeachana mita 5.64, na mtambaa panya uko mita 3.05 kutoka chini. Zamani waliupiga kwa ncha ya kidole, wakiuendea moja kwa moja, mpaka mwaka 1964 Pete Gogolak, kijana aliyezaliwa Hungaria, alipoingia katika mpira wa kulipwa na mtindo wa kuujia mpira kwa pembeni na kuupiga kwa sehemu ya juu ya mguu, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye chandimu. Ndiyo maana katika mchezo ule mzima, hili ndilo jambo pekee ambalo mwili wangu ulilielewa kabla akili haijalielewa.

Vinatieri alizaliwa Yankton, katika jimbo la South Dakota, tarehe 28 Desemba 1972, akakulia Rapid City. Babu wa babu yake, Felix, alikuwa mwanamuziki kutoka Italia aliyeongoza bendi ya kikosi cha farasi cha Jenerali Custer, kamanda wa jeshi la Marekani. Mwaka 1876 bendi iliachwa nyuma wakati askari walipokwenda kuangamia Little Bighorn, vitani dhidi ya wenyeji wa asili, na kwa hiyo ukoo ukabaki. Alisoma na kucheza katika chuo kikuu cha jimbo lake, na alipomaliza hakuna timu hata moja ya ligi kuu iliyomchagua. Akafunga safari hadi Virginia kufundishwa na Doug Blevins. Nataka nikae kidogo kwa mwalimu huyu, kwa sababu katika hadithi nzima ndiye anayenigusa zaidi. Blevins alizaliwa na maradhi ya mtindio wa ubongo yaliyoudhoofisha mwili wake, hutembelea kiti cha magurudumu, na hajawahi kuupiga mpira kwa mguu wake mwenyewe. Aliujua mkwaju kwa kuutazama. Alitazama hatua ya mwisho kabla ya kupiga, mguu wa kusimamia unapotua, nyonga inavyofunguka, mpaka akaweza kumwambia mtu mwenye miguu miwili mizima ni wapi anapojidanganya. Nikiwafundisha wageni kazini, mara nyingi nawanyang'anya sindano ili niwaonyeshe. Yeye hakuwa na njia hiyo, ilimbidi maneno yake yawe sahihi.

Mwaka 1996 Vinatieri alivuka bahari kuichezea timu ya Amsterdam katika ligi ndogo ya Ulaya, na mwaka huo huo New England Patriots, chini ya kocha Bill Parcells, wakampa nafasi ya kushindana na mkongwe Matt Bahr. Akaipata kazi. Desemba ya msimu ule, katika mechi dhidi ya Dallas Cowboys, Herschel Walker aliudaka mpira wa kuanzia na kuchanja mbuga, naye Walker alikuwa na mbio za kuogopwa. Mpigaji wa mikwaju ndiye wa mwisho nyuma, na watu hawategemei amkamate mtu. Vinatieri alimkimbiza, akamfikia, akamwangusha. Inasemwa kwamba tangu siku ile kocha wake alianza kumwona kuwa ni mchezaji kamili.

Kisha ikaja theluji. Tarehe 19 Januari 2002, katika uwanja wa zamani wa Foxborough, Massachusetts, mechi ya mtoano dhidi ya Oakland Raiders ilichezwa usiku huku theluji ikimwagika bila kukoma. Patriots walikuwa nyuma 13 kwa 10, na walikuwa bado wana mpira kwa sababu tu ya uamuzi mmoja wa waamuzi ambao watu wa Oakland wanaulalamikia hadi leo. Zilibaki sekunde 27. Umbali ulikuwa yadi 45, yaani kama mita 41. Nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hawezi kukimbia anavyokimbia siku zote kwa kuwa mguu wa kusimamia ukiteleza kila kitu kimekwisha. Anakwenda kwa hatua fupi, kama mtu anayevuka sakafu iliyotoka kupigwa deki. Mpira hauruki juu vizuri. Unatoka chini chini, unapenya katikati ya matone meupe, na kwa muda mfupi hakuna aliyejua umekwenda wapi, mpaka waamuzi wawili walioko chini ya milingoti wanainua mikono. Katika muda wa nyongeza wenzake waliifyeka theluji kwa viatu vyao ili apate mahali pa kusimama, akapiga mwingine wa yadi 23, na mechi ikaisha 16 kwa 13. Lonie Paxton, yule mrusha mpira wa nyuma, akajitupa chali kwenye theluji na kupepea mikono kama mtoto. Wako watu wanaosema mkwaju ule wa yadi 45 ndio mkubwa kuliko yote katika historia ya ligi, na mimi sina sababu ya kubishana nao.

Wiki mbili baadaye, tarehe 3 Februari 2002, katika fainali ya Super Bowl iliyochezwa New Orleans, alipiga mkwaju wa yadi 48 wakati saa ikiishia sifuri, na Patriots wakawashinda St. Louis Rams 20 kwa 17. Ilikuwa mara ya kwanza kwa fainali ile kuamuliwa na pointi za tendo la mwisho kabisa. Hiyo ndiyo picha iliyopo mabangoni. Lakini inayonirudia mimi ni fainali ya Houston, tarehe 1 Februari 2004, dhidi ya Carolina Panthers. Robo ya kwanza alipata mkwaju wa yadi 31, umbali ambao kwake ulikuwa kama kunawa mikono, akaupeleka pembeni kulia. Robo ya pili akapewa wa yadi 36, ukazuiwa kwa mikono ya wapinzani. Uwanja ulikuwa umefunikwa, hapakuwa na theluji wala upepo wa kusingizia. Akakaa saa nzima na zaidi akiyabeba makosa hayo mawili, huku pointi zikipanda pande zote hadi zikalingana 29 kwa 29. Zikiwa zimebaki sekunde chache akaitwa tena, yadi 41. Ukapita katikati, na kwenye saa zikabaki sekunde 4. Kila nikiitazama mechi ile, natazama uso wake baada ya ule wa pili, kabla hajajua kwamba kutakuwa na wa tatu. Sioni kitu pale. Anavua kofia, anakwenda anakokwenda.

Mwaka 2006 alihamia huku kwetu, Indianapolis Colts, na katika msimu wake wa kwanza akapata ubingwa wa 4. Katika safari ya kuufikia, waliwatoa Baltimore Ravens 15 kwa 6, na pointi zote 15 zilitoka mguuni mwake. Mwaka 2018 alizipita rekodi mbili za Morten Andersen, mzaliwa wa Denmaki: ya mikwaju na ya pointi. Alipomaliza alikuwa na mikwaju 599 na pointi 2,673 katika mechi za kawaida. Kati ya mwaka 2015 na 2016 aliwahi kupiga 44 mfululizo bila kukosa.

Msimu wa 2019 ulipoanza alikuwa na miaka 46, na makosa yalianza mechi ya kwanza. Wiki ya pili akakosa mikwaju 2 ya pointi 1, na mji mzima ukawa unasubiri atangaze kustaafu. Hakutangaza. Tarehe 27 Oktoba mwenzangu wa zamu alikuwa na tiketi mbili, tukaenda kuwaona Colts wakicheza na Denver Broncos. Tuliketi juu, upande wa benchi letu. Alikosa mmoja wa pointi 3, kisha akakosa wa pointi 1. Bwana mmoja mzee aliyeketi mbele yetu, amevaa jezi namba 4, namba ya Vinatieri, iliyofifia kwa kufuliwa, alivua kofia yake akaifunika usoni na kukaa hivyo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa namtazama Vinatieri. Alikwenda kwenye ule wavu mdogo uliosimikwa pembeni ya uwanja, mpira ukasimamishwa, akarudi nyuma hatua zake, akasogea pembeni, akapiga. Mpira ukaingia wavuni na kudondoka. Ukasimamishwa tena. Hakuna aliyekuwa akimtazama, kwa kuwa mchezo ulikuwa unaendelea upande wa pili, naye alikuwa akipiga kwa mwendo ule ule, bila haraka na bila hasira, hatua zile zile. Tulikuwa nyuma 13 kwa 12 zilipobaki sekunde 22, na umbali ulikuwa yadi 51. Yule mzee hakuvaa kofia yake, aliikunja mkononi. Mpira ulipopita milingoti nilijikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua hata jina.

Wiki iliyofuata, huko Pittsburgh, wakati umebaki kidogo zaidi ya dakika moja, alikosa mkwaju wa yadi 43 ambao ungetupatia ushindi, tukafungwa 26 kwa 24. Picha za marudio zilionyesha nyuzi za mshono zimemwelekea yeye badala ya goli. Nilitaka sana aliseme hilo lote kwa sauti kubwa, niko radhi kukiri. Tarehe 1 Desemba mikwaju yake ilizuiwa, mmoja ukakimbizwa na wapinzani hadi ukawa tachidauni, na ndiyo ikawa mechi yake ya mwisho. Baadaye tukaambiwa kwamba goti lilikuwa bovu, na akafanyiwa upasuaji. Msimu ule alipata 17 kati ya 25. Kustaafu rasmi kulikuja mwaka 2021. Wako wanaosema alichelewa mwaka mmoja kuondoka, na wanasikitika kwamba hakuifikisha 600. Mimi mwaka ule mmoja ndio ulionionyesha ule wavu, na nisingekubali kuubadilisha na mkwaju wa 600.

Sasa ni saa nane mchana na inanibidi nilale. Nimekwisha kuiona orodha ya kesho. Jina la yule mtoto limo, saa kumi na moja alfajiri, na mbele yake wameandika jina langu.