Katikati ya daraja la Lifford

Juzi, hapa Ireland Kaskazini, tulikuwa tunatazama fainali ya Ulster ya mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa Ireland, kaunti ya Donegal na ya Armagh, iliyochezwa mji wa Clones, na mwanangu akauliza bila kuondoa macho kwenye runinga: "Mama, mbona Donegal wanacheza kombe la Ulster na wao si wa huku?"

Nilimjibu kwa kifupi. Ulster ni jimbo la kale lenye kaunti 9. Ireland ilipogawanywa mwaka 1921, kaunti 6 zilibaki chini ya Uingereza, ndiyo Ireland Kaskazini. Donegal, Cavan na Monaghan zikaangukia upande wa pili, ambao leo ni Jamhuri ya Ireland. Waliotaka kubaki na Uingereza, wengi wao Waprotestanti, waliona kwamba wakizichukua zote 9 wingi wao ungekuwa mwembamba mno. Ndiyo maana Malin Head, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa hiki, iko katika nchi ambayo watu hapa huiita "kusini". Mpira huu wa Kigaeli, kwa bahati njema, haukugawanywa.

Akaridhika, akarudi kwenye mchezo. Mimi nikabaki nikimkumbuka nyanya mmoja wa Strabane, mji wa mpakani.

Ilikuwa kabla ya kura ya Brexit, ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, bado nafanya kazi kwenye makao ya wazee. Nyanya alizaliwa Lifford, Donegal, akaolewa Strabane, kaunti ya Tyrone, upande wa Uingereza: ng'ambo moja ya mto wa mpakani hadi nyingine, basi. Siku hiyo mpwa wake alikuwa amemwalika chai nyumbani Lifford, nami nikaambiwa nimsindikize hadi darajani. Tulipita zile sanamu 5 ndefu za chuma, wachezaji ngoma na wapiga muziki, zilizosimamishwa karibu na mahali ambapo zamani wanajeshi walikuwa wakisimamisha magari. Tukaingia darajani. Chini yetu mto Foyle, maji mengi ya kahawia. Magari yalipita bila hata kupunguza mwendo. Hapakuwa na askari wala kizuizi.

Katikati nikafunga breki za kiti cha magurudumu.

"Twende, binti," akasema.

Nikamweleza. Viza yangu ni ya Uingereza. Ya Ireland ni nyingine, na Mkenya huihitaji hata akienda kununua mkate tu. Nikikutwa ng'ambo, kazi yangu na kibali changu viko hatarini. Nilikuwa naongea nikitazama mto, maana sikutaka aone macho yangu.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanisimulia kuhusu vita vya Hitler, alipokuwa msichana mdogo. Lifford siagi ilipatikana lakini majani ya chai yalikuwa haba. Strabane chai ilikuwepo kidogo, siagi ikapimwa kwa mgao. Mama yake alivuka daraja lile lile na siagi chini ya koti, akarudi na chai. Maofisa wa forodha walimpekua yeye, mtoto, hadi ndani ya soksi. Akanishika mkono, vidole vyake vya baridi, akaniuliza akimaanisha kila neno: "Wakati ule walikuwa wanatafuta siagi. Sasa wanakutafuta wewe?"

Sikuwa na jibu. Mpwa wake akaja kwa miguu, akanisalimia kwa heshima, akafungua breki, wakaenda. Nikasimama pale hadi walipokata kona.

Alifariki miaka michache baadaye. Nilipopata uraia nilivuka daraja mwenyewe, kwa miguu, hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa nimetazamia furaha, lakini nilipofika ng'ambo kifua kilikuwa kizito. Mpaka leo sina hakika kama nilikuwa namlilia nyanya, au wenzangu wa zamu ya usiku ambao viza zao bado zinawaishia katikati ya mto.