Shomoro na Panya Ndani ya Shuka Moja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mathayo 10:29 inasema shomoro wawili huuzwa kwa senti moja. Luka 12:6 inasema watano kwa senti mbili. Piga hesabu: senti mbili zilitosha wanne tu. Huyo wa tano ni nyongeza, kama nyanya anayokutilia mama wa sokoni ukishalipa. Hata huyo asiye na bei, Bwana anasema, hasahauliwi mbele za Mungu. Neno hilo limenibeba siku nyingi nilizojiona mimi ndiye wa nyongeza.

Wiki hii, hata hivyo, nimemfikiria panya. Yeye na shomoro wote huishi chini ya mapaa yetu na kula nafaka tuliyoitolea jasho, lakini mmoja tunamwimbia, mwingine tunamtegea sumu. Walawi 11:29 inamtaja panya kati ya watambaao walio najisi. Nasi tukaongeza yetu: magendo hupita “njia za panya”, na vijana wahalifu wa Dar es Salaam wakaitwa “Panya Road”.

Sasa njoo Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na kifua kikuu kwenye makohozi. Macho yake ni hafifu, ila pua! Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20 hivi, na ujira wake ni chakula kidogo, kama kipande cha ndizi. Uzito wake wa kilo moja na kitu haulipui bomu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia. Mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Leo watu wanatembea bila hofu juu ya udongo ulionuswa na mnyama tunayemwita najisi.

Petro alishushiwa kitu kama shuka kubwa (Matendo 10). Ndani yake mlikuwamo watambaao pamoja na ndege wa angani. Sauti ikamwambia achinje ale; akakataa, akisema ni najisi. Alipoingia kwa Kornelio, mtu asiye Myahudi, ndipo akakiri kwamba Mungu alimwonya juu ya watu: asimwite mtu awaye yote mchafu wala najisi.

Mtaani kwetu yuko kijana aliyetoka gerezani. Jumapili iliyopita alikuja akaketi benchi langu, nami nikahamishia mkoba upande wa pili. Hata jina lake sikuuliza. Niombeeni, wapendwa. Jumapili hii nataka niwahi, nimwekee nafasi.