Mistari iliyoondoka kwenye draiva

Leo nimefuta msimbo mwingi kuliko niliouandika, na roho yangu nyeupe. Ni ile draiva ya kadi ya mtandao ninayoitunza, yaani programu inayoiendesha kadi, sehemu ya kuandaa intarapti: ishara ambazo kadi huiitia prosesa. Ilikuwa ikiomba MSI-X, njia ya kutuma intarapti kama ujumbe badala ya waya. Ikinyimwa, yaomba MSI, toleo lake la awali. Ikinyimwa tena, yarudi kwenye waya wa zamani, INTx. Kila njia na msimbo wake wa kuanzia na wa kusafishia. Ukirekebisha mmoja, ile mingine inabaki na kasoro ileile.

Tangu Linux 4.8 ya mwaka 2016, kerneli, yaani kiini cha mfumo, ina fanksheni pci_alloc_irq_vectors() inayoifanya kazi hiyo yote. Unaitajia idadi ya chini na ya juu ya vekta (intarapti moja moja) unazohitaji, unaweka PCI_IRQ_ALL_TYPES, nayo inajaribu njia zote tatu kwa zamu. Namba ya IRQ, yaani ya kila intarapti, unaiuliza pci_irq_vector(). Wakati wa kufunga, pci_free_irq_vectors() moja tu. Draiva iseme haja yake, kerneli itafute njia. Hivyo ndivyo ninavyopenda mambo yawe.

Jioni alikuja kijana mmoja anayesoma uhandisi hapa Tudor, Mombasa. Akapitia mabadiliko yote, akasimama kwenye mstari unaosoma rejista ya hali ya kadi, kile kisanduku kidogo ambamo kadi huandika hali yake.

"Kaka, na huu mbona umeusaza?"

Swali zuri mno, tulilizungumza mpaka kahawa ikapoa. Waya wa INTx hutumiwa na vifaa kadhaa, kwa hiyo draiva lazima iisome rejista hiyo kuiuliza kadi kama ndiyo iliyoita. Kama siyo, irudishe IRQ_NONE, yaani "si mimi". Tena ishara ya waya yaweza kufika kabla data haijatua kwenye kumbukumbu, na kule kuisoma rejista ndiko kunakoisukuma data ifike kwanza. MSI haina shida hiyo: intarapti yenyewe ni data inayoandikwa kwenye kumbukumbu, inafuata njia ileile, haiwezi kuipita iliyotangulia. Maandalizi yameungana, lakini vifaa bado vina tabia mbili. Mstari ule nimeuacha upande wa INTx, na maelezo mafupi juu yake ili mwenye hamu ya kufuta asiuguse.

Tukafungua /proc/interrupts, faili linaloonyesha hesabu za intarapti. Kila foleni ya kadi ina safu yake, hesabu zinapanda kwenye prosesa tofauti. Kijana akapiga picha ya skrini.

Kesho asubuhi, kabla joto halijapanda, nitaiwasha mashine kwa pci=nomsi, chaguo linalozima MSI, niujaribu waya peke yake.