Mwenye Farasi Hapandi

Mwaka 2006 nilitia laki tatu, pesa yangu ya dagaa ya miezi miwili, kwenye mtumbwi ambao haukuwahi kuvua hata furu mmoja. Tulikuwa wenye mali wanne: mimi, shemeji yangu na jamaa wawili wa Kirumba, hapa Mwanza. Ulikuwa mtumbwi wa mashindano tu, mrefu, mwembamba, ukikaa upande unakumwaga.

Wapiga kasia walikuwa kumi na wanane. Mwezi mzima walikula kwetu: uji asubuhi, ugali na sato mchana, na nauli ya kurudi Igombe jioni. Babu alipolifungua daftari la matumizi alicheka hadi akakohoa.

Babu huyu ni mdogo wake babu mzaa baba. Tangu 1963 alikuwa saisi, mtunza farasi, Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Mpaka wa Kenya ulipofungwa 1977 alikuwa ameshavuka kurudi, na mkononi alikuja na brashi ya kusugulia farasi, ambayo bibi aliigeuza ya viatu.

“Ng'wanone, umenunua farasi,” akaniambia. “Anakimbia dakika mbili. Siku zote zilizobaki anakula.”

Nilimtania: mbona hukutuletea mmoja? Akasema Usukumani mbung'o na usubi wangemmaliza kabla hajazoea nyasi zetu. Tena farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota, saisi halali, anamtembeza usiku kucha huku mwenye mali akiwa kitandani kwake.

Asubuhi ya mashindano, pale mwaloni, shemeji alitokea na filimbi shingoni na shati jeupe. Akapanda mbele, akakaa. Nahodha akanitazama. Mimi nikatazama jiwe la Bismarck kule ziwani. Ungesema nini? Ni kaka wa mke wangu, na robo ya mtumbwi ni yake. Shemeji alikuwa na kilo mia kasoro kidogo.

Babu alinivuta pembeni.

“Yule amebeba nini?”

“Anapuliza filimbi, Babu.”

Akanieleza taratibu, kama tuna siku nzima. Ngong joki, yule anayempanda farasi, hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake, kabla na baada ya mbio, na akirudi amepungua ushindi unaweza kufutwa. Kwenye mbio za kusawazisha, farasi aliye bora huongezewa uzito: joki wake akiwa mwepesi, vipande vya madini ya risasi hutiwa kwenye mifuko ya tandiko ili wanyonge nao wapate nafasi.

“Risasi anabebeshwa aliyekwisha shinda,” alisema. “Nyie mmeshinda nini? Na miaka yote ile sikumwona mwenye farasi akipanda farasi wake siku ya mbio. Alisimama uzioni na kofia yake, anatetemeka.”

Nilijua anasema kweli, na sikwenda kumshusha shemeji. Hilo ni langu, silaumu mtu.

Tulianza vizuri, hata nikapiga kelele. Kwenye kigeuzio pua ya mtumbwi ikazama, maji yakaingia, na vijana wawili wakaacha makasia wakashika makopo. Filimbi ilizidi kulia. Mtumbwi wa Ukerewe ukatupita, ukafuata wa akina mama waliokuwa wakipasha tu mwili wakingoja zamu yao. Tukawa wa sita kati ya saba.

Shemeji alishuka wa kwanza akaenda kutafuta soda. Vijana walijitupa mchangani, vifua vinapanda na kushuka. Babu akawafuata na fimbo yake, akawaamsha mmoja mmoja.

“Simama. Tembea. Jasho likauke kwanza.”

Akawaongoza ufukweni, kwenda na kurudi, polepole, kumi na wanane nyuma ya mzee mmoja. Kila mzunguko aliweka kiganja kifuani kwa mmojawapo, akasikiliza, akasema, “Bado.”

Mimi nilisimama na ndoo ya uji, nikisubiri aniambie lini niwape.