Uzoefu Wangu: Kuendesha Uwakala wa Forodha, Utafiti na Wakfu kwa Pamoja

Nilikuwa wakala wa forodha kwa miaka kadhaa, ofisi yetu ikiwa karibu na bohari ya makontena ya Embakasi, kabla sijajiandikisha kusomea uhusiano wa kimataifa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na reli ikang'olewa Kibera, mizigo ya wateja wetu ya kwenda Uganda na Rwanda ilikwama, na nikatambua kwamba najua kujaza kila fomu ya forodha lakini siwezi kumweleza mteja wa Kampala kwa nini ugomvi wetu unamkosesha mafuta.

Darasani tulisoma jinsi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivyovunjika 1977, mkataba mpya ukatiwa saini 1999, na umoja wa forodha ukaanza kazi 2005. Wenzangu wengi, ambao walikuwa wakilenga ubalozi au ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri, walizungumzia kuondolewa kwa ushuru kana kwamba hapo ndipo safari inapokomea. Mimi nilijua kwamba bidhaa isiyo na cheti cha asili, yaani hati inayothibitisha nchi ilikotoka, hutozwa kama iliyotoka ng'ambo, hata kama kiwanda kiko mwendo wa saa chache kutoka mpakani. Basi tasnifu yangu ikawa juu ya cheti hicho.

Ugumu halisi haukuwa wakati, kwa kuwa niliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini. Ugumu ulikuwa kuaminika. Machi 2021, Kenya iliposimamisha uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikauruhusu kwa masharti, likiwemo la sumu hiyo kutozidi mikrogramu 10 kwa kilo, niliombwa kuandika uchambuzi wa jinsi uamuzi wa afya ya mlaji unavyogeuka mara moja kuwa suala la kidiplomasia. Wakati huohuo kampuni yangu ilikuwa ikihudumia waagizaji wa mahindi. Niliandika, lakini nikaeleza jambo hilo katika ukurasa wa kwanza, na sikutumia takwimu yoyote kutoka majalada ya wateja. Nilitumia zile tu ambazo msomaji yeyote angeweza kuzipata mwenyewe. Mhariri alihofu kwamba maelezo hayo yangepunguza uzito wa makala. Naona yaliuongeza, kwa sababu msomaji aliyejua nasimama wapi aliweza kubishana na hoja yenyewe badala ya kunitilia shaka mimi.

Wakfu wetu, unaowafundisha wafanyabiashara wadogo wa mpakani, ulitokana na utafiti. Nikiwahoji wanawake wanaovuka na nafaka na mboga pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nilikuta kwamba wengi hupita njia za panya si kwa kukwepa ushuru, maana bidhaa zao hazidaiwi ushuru wa forodha, bali kwa kutojua kwamba upo utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ambao cheti chake hutolewa palepale mpakani. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa 2018 kiliwapunguzia madirisha ya kupitia, lakini aliye na hofu ya dirisha hatalifikia hata likiwa moja. Tulianza kuwafundisha, kwa Kiswahili, kwa kutumia fomu halisi.

Wakili alinishauri niendeshe mafunzo kama idara ya kampuni, jambo ambalo lingekuwa rahisi kwa makaratasi. Nilikataa. Mfadhili ambaye pia ni muuzaji wa huduma hawezi kumshauri mtu kwa uhuru, na mafunzo ya bure yangegeuka kuwa tangazo. Wakfu una wadhamini wake, akaunti yake, na mkaguzi wa hesabu asiyekagua kampuni. Sehemu ya faida yetu huhamishiwa huko baada ya kodi, na nikishaihamisha sina sauti ya peke yangu juu yake. Hati ya wakfu pia inaikataza kampuni yangu kushughulikia mzigo wa yeyote aliyepitia mafunzo yetu.

Kifungu hicho kina gharama. Baadhi ya wanawake hao wamekua kibiashara hadi kuhitaji wakala, wanakuja kwetu kwa sababu wanatufahamu, nasi tunawaelekeza kwa washindani. Mshirika wangu hunung'unika kila tunapopitisha hesabu za mwaka, na wadhamini hawajakibadilisha.