Siku moja nyuma ya kaunta ya vitabu, tarehe 23 Desemba

Nikiwaambia watu nauza vitabu, wengi hunyamaza wakisubiri nimalizie. Mjomba wangu aliwahi kuniuliza kabisa, "Sawa, na kazi je?" Basi leo nawaandikia siku yangu moja, juzi kabla ya sikukuu, ambapo duka letu hapa Posta, Dar es Salaam, hujaa kuliko siku zote za mwaka ukitoa zile za Januari za madaftari.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Maji, chai, mtoto nimempeleka kwa jirani, daladala kutoka Mbagala. Kiti nimepata Mtoni kwa Aziz Ally. Hapo hakuna cha kusimulia.

Saa mbili kasoro robo. Nafungua, nafagia, napiga dasta. Desemba ya Dar ni adui wa karatasi. Unyevu unapanda, majalada yanajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango, na vile vya dirishani jua la mchana huvichoma rangi, vyekundu vikianza kupauka kabla ya vingine. Kila asubuhi nageuza safu ya dirishani, vilivyoangalia barabara navirudisha ndani. Mwenye duka anasema napoteza muda. Mwenye duka hajawahi kumuuzia mtu kitabu chenye simba wa rangi ya waridi.

Saa mbili na nusu. Mteja wa kwanza ni mama kijana, mgongoni ana mtoto wa miezi tisa. Anataka "kitabu cha kumfundisha herufi." Nimemwomba amshushe. Nikampa mtoto kitabu cha kadi ngumu, kurasa kumi hivi, kila ukurasa kitu kimoja: mpira, ndizi, paka. Mtoto hakupoteza muda, akakitia mdomoni.

"Unaona, hajakielewa," mama akasema.

Nikamwambia ndiyo kwanza ameanza kukisoma. Mtoto wa umri huo kitabu anakisoma kwa meno, kwa hiyo mimi huangalia vitu ambavyo mzazi haviangalii. Kona ziwe za mviringo. Katikati pasiwe na pini za chuma, maana ikichomoka moja inaishia kooni, na nikipitisha kidole gumba kwenye mgongo wa kitabu nisikute kitu kinachokwaruza. Herufi zitamkuta mbele ya safari. Akanunua. Hata hivyo kile chenye alama za meno ilibidi akichukue, hakikuwa cha kurudi shelfu tena.

Saa tatu hadi saa tano. Kalamu za rangi, vitabu vya kupaka rangi, Biblia za watoto, fotokopi, bahasha, na mzee mmoja aliyetaka gundi ya viatu. Mama mmoja aliingia na watoto wanne wakifuatana kwa urefu, akaniambia mlangoni, "Mie Krismasi si yangu, dada, lakini shule zimefungwa na hawa wote ninao mpaka Januari. Niokoe." Nikampa vitendawili, na kitabu kinene cha ngano ambacho wa juu anaweza kuwasomea wa chini. Huyo ndiye mteja wangu bora wa wiki nzima, na hakukaa dakika kumi.

Kulikuwa pia na kijana wa darasa la nne na babu yake. Babu ameshika kitabu cha kurasa mia mbili, anasema mjukuu wake ana akili. Sikubishana. Nilimwomba kijana afungue ukurasa wowote asome kwa sauti, na kila neno litakalomshinda akunje kidole. Akifikisha vidole vitano kabla ukurasa haujaisha, kitabu bado kizito, kisubiri. Alikunja vitatu kwenye mistari minne ya mwanzo, akamtazama babu yake kwa aibu. Ikabidi niseme hicho kitabu herufi zake ni ndogo mno, hata mimi hunisumbua. Uongo mtakatifu. Wakaondoka na cha kurasa arobaini, na kijana alikuwa ameshafika ukurasa wa pili wakati babu anasubiri risiti.

Saa sita. Hapa ndipo siku ilipoanza.

Aliingia kaka mmoja, shati limeloa mgongoni, simu mbili mkononi, begi la safari begani. Anaenda Rombo. Mnajua Desemba ilivyo, nusu ya Dar inarudi kwao mkoani Kilimanjaro. Basi lake ni kesho alfajiri, na kule kuna watoto saba wa dada zake na kaka zake.

"Nipe vitabu saba vinavyofanana," akasema, "wasigombane."

Nikamuuliza umri wao. Akaweka mkono usawa wa kaunta: "Mmoja yuko hivi." Akaushusha kidogo: "Mwingine hivi." Akafikiri. "Ila huyo nilimwona mwaka juzi."

Ndiyo kazi yangu hiyo, ambayo mjomba haijui. Kuuza kitabu ni dakika mbili. Kumtoa mtoto ndani ya kichwa cha mtu mzima asiyemkumbuka ni saa nzima. Nikamwambia apige simu nyumbani. Akapiga, akaweka spika, akaiweka simu juu ya rundo la kalenda. Dada yake akapokea, nyuma yake kuku wanagombana.

"Vitabu?" dada akasema. "Wewe nunua sukari na mchele. Vitabu watapewa shule."

Duka zima likacheka. Yeye hakucheka. Lakini tulipata orodha: mmoja wa miaka mitatu, mmoja wa chekechea, mmoja wa darasa la pili, pacha wa kiume wa darasa la tano, binti wa darasa la sita, na kijana aliyemaliza la saba anayesubiri kidato cha kwanza.

Wa chekechea alikuwa rahisi, kitabu cha picha chenye maneno yanayorudiwa kila ukurasa, akisomewa mara tatu ya nne anasoma yeye. Wa darasa la pili bado yuko kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo nilitafuta sentensi fupi na herufi kubwa, nikahakikisha hakuna ukurasa uliojaa mbw na ng'w kama mtego. Pacha ndio tuliobishana. Yeye anataka nakala mbili za kitabu kimoja. Mimi nasema uwape viwili tofauti, bei moja, wabadilishane, kila mmoja amesoma viwili. Akasema siwajui hao pacha. Kweli, siwajui. Lakini alichukua tofauti.

Kwa kijana wa kidato cha kwanza alikuwa ameshachagua mwenyewe: riwaya ya Kiingereza, nene kama tofali, jalada lina meli. "Huyu anaingia sekondari, lazima aive." Sasa huyo kijana amesoma shule ya serikali, miaka saba masomo yake yote ni kwa Kiswahili, halafu Januari anaingia darasani na historia, jiografia, hesabu, zote zimegeuka Kiingereza. Ukimpa tofali atalitumia kuzuia mlango. Nikampa hadithi fupi ya Kiingereza iliyoandikwa hapahapa nchini, kuna daladala ndani yake, kuna foleni ya maji, kuna mwalimu wa zamu. Mambo anayajua tayari, kwa hiyo neno asilolijua atalikisia. Kaka akaipima kwa mkono. "Nyepesi," akasema, kama anayenunua nyanya.

Tukabaki na binti wa darasa la sita. Dada akampa simu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unapenda kusoma nini?"

Kimya. Kuku. Halafu kwa sauti ya chini, "Cha kutisha."

"Cha kutisha kiasi gani?"

"Kiasi cha kwenda kulala na mama."

Mjomba wake akaingilia kwamba mtoto wa kike asipewe mambo ya kutisha, apewe cha maadili. Nikasema sawa, nikaenda shelfu ya nyuma, nikarudi na kimoja chenye nyumba ambayo mlango wake haufungiki usiku. Nikamwambia kina maadili pia, mwishoni. Nimeona kwa macho yangu kwamba watoto wengi huacha kusoma umri huo, na anayebaki ni yule aliyepata kitabu alichokitaka mwenyewe. Mimi vitabu vya hadithi nilivikuta shuleni kijijini kwenye boksi la Mradi wa Vitabu vya Watoto, ule ulioanza 1991 kununua nakala kwa wachapishaji na kuzipeleka shuleni. Nakumbuka nilichokitafuta ndani ya boksi lile, na hayakuwa maadili.

Halafu wa miaka mitatu. Nilimletea cha kadi ngumu, 18,000.

"Yaani asiyejua kusoma ndiye wa bei ghali?"

Nikamweleza kwamba kadi ni ghali, na kwamba vya aina ile tunavyouza sisi vinatoka nje. Akasema basi huyo aondolewe, atachana tu, atapewa pipi. Hapo nilichoka, lakini sikukubali. Mtoto wa miaka mitatu akiona sita wamefungua zawadi na yeye ana pipi, pipi itaisha na kilio kitabaki. Tena cha kwake ndicho kitakachosomwa kuliko vyote, kwa sababu hajui kusoma, itabidi mtu mzima amsomee, leo, kesho na keshokutwa. Tukazunguka hapo nusu saa. Katikati akatoka kupokea simu, akarudi na soda, akaanza tena pale tulipoachia. Nyuma yake foleni imefika mlangoni, na mwenzangu ananikodolea macho kutoka kwenye mashine ya risiti. Mwishowe nikapata kikubwa cha picha za wanyama, jalada la nailoni, 5,000. Pini kinazo, lakini wa miaka mitatu ameshaacha kutafuna. Jumla 55,500.

"Fanya hamsini."

Mwenye duka anaruhusu punguzo la asilimia kumi ukizidisha vitabu vitano. Nikapiga kwenye kikokotoo, ikatoka 49,950. Akatoa noti tano za elfu kumi, akasubiri shilingi hamsini yake. Amesimama. Amewanyima watu kumi na tano nafasi ya kuhudumiwa, na anasubiri hamsini. Duka zima hakuna sarafu ya hamsini. Nikampa penseli. Akaikagua ncha.

Na bado kufunga. Kila kimoja karatasi ya nyota, kila kimoja kwa jina, na nisikosee ya pacha. Kwa joto lile selotepu inanata kwenye vidole kuliko kwenye karatasi. Akachukua namba ya simu ya duka, "nikikwama," akaenda.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Wali maharage niliouagiza saa saba niliukuta umejishikamanisha na chombo, nikala vijiko vinne nimesimama stoo. Baada ya hapo nakumbuka watu kwa vipande. Baba aliyetaka "kitabu cha mtoto, chochote," na nilipomuuliza mtoto gani akasema, "Wa kawaida." Mwanamke aliyepiga picha majalada ishirini, akayarusha kwa mume wake, akakaa kwenye kiti changu kusubiri majibu. Mvulana mmoja, kama miaka kumi, ambaye huja kila siku tangu shule zifungwe, anakaa chini kona ya mwisho, anasoma riwaya moja kidogo kidogo na kuiwekea kipande cha tiketi ya basi mahali alipoishia. Leo nusura niiuze. Mteja alikuwa ameshaishika. Nikamwambia nakala hiyo ina kasoro, nikamletea nyingine.

Umeme ulikatika jioni, tukafunga zawadi kwa tochi ya simu. Magoti yalikuwa yameshahama mwili. Watu hudhani tunakaa. Kiti kipo kimoja na, kama nilivyosema, kilikuwa na mtu.

Tumefunga saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili. Hesabu ilipungua shilingi mia tatu, nikazitoa mfukoni kwangu tuondoke. Daladala nimesimama hadi mwisho wa safari. Mwanangu nilimkuta amelala kwa jirani, nikambeba, na nilipomlaza nikaona nina kipande cha selotepu chenye nyota kimeganda kwenye kiwiko.

Simu ya duka hulala kwangu. Saa nne na nusu ikalia ujumbe.

"Dada habari za saa hizi. Ile karatasi ya nyota mnayo nyingine? Moja imechanika."

Nikajibu tunafungua saa mbili asubuhi. Akasema basi lake linaondoka saa kumi na moja. Nikamwambia afungie gazeti, mtoto haangalii karatasi. Halafu nikauliza imechanikaje.

"Kile cha binti. Nilikuwa nahakikisha tu kama hakitishi sana."

"Kinatisha?"

Nilishaanza kusinzia jibu lilipoingia.

"Bado sijazima taa."