Alisema "sisi"

Baiskeli bado imeegemea ukuta wa stoo na vumbi lake la Usangu, na leo ni Jumamosi. Tumerudi tangu Jumapili toka safari yetu ya baiskeli kando ya reli. Kila nikiishika niipeleke bombani namkumbuka yule mzee wa Chimala, naiacha pale pale.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Barua za kupanda daraja zimetoka na yangu imo, mkuu wetu wa shule amehamishwa, na shangazi wa Tukuyu tumemzika Jumatano. Hayo nitayaandika nikitulia. Leo kuna neno moja limenikaa kooni tangu safarini, wala halishuki wala halitoki.

Mnaosoma hapa siku zote mnajua safari hii ilivyoanza. Mdogo wangu wa Missouri, Marekani, alituma zile picha mwaka jana: yeye na wenzake wanne, baiskeli zina mifuko pande zote mbili, njia imenyooka kati ya miti na hakuna gari hata moja. Ile njia inaitwa Katy Trail. Zamani ilikuwa reli ya kampuni ya Missouri-Kansas-Texas. Treni zilikoma kupita mwaka 1986, reli ikang'olewa, wakamwaga mawe yaliyosagwa, na mwaka 1990 wakafungua kipande cha kwanza. Sasa ni karibu kilomita 386, toka Clinton hadi Machens, na sehemu kubwa inakwenda na Mto Missouri. Watu wanapanda siku tano, siku sita, wanalala vijiji vya njiani.

Kilichonivuta mimi ni jambo dogo alilonieleza kwenye simu. Treni haiwezi mlima mkali. Kwa hiyo waliojenga reli walikata vilima, wakajaza mabonde, wakazungusha njia mpaka mwinuko ukawa wa kuvumilika. Mtu wa baiskeli akija miaka mia baadaye anakuta kazi imeshafanywa. Nilimwambia Sista siku ile ile wodini kwake, naye akasema, "Basi twende." Sista hajui kupanga, yeye anajua kwenda.

Huku kwetu njia ya namna hiyo hakuna. Tuna TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na TAZARA ina treni. Ila kando yake vipo vinjia ambavyo wanavijiji wanapitia kwenda shamba, gulioni na kanisani, vinashikana na reli, vinaiacha, vinairudia tena. Tukaamua tutavifuata toka Makambako mpaka Mbeya, na pale vinapokatika tutatafuta barabara za vijijini. Kwa lami ni kama kilomita 170, ungejikaza ungemaliza kwa siku mbili, lakini lami ile ina malori ya Zambia na ya Kongo yanayopitana kwenye kona, na Sista amepokea majeruhi wa barabara ile kiasi kwamba hakutaka hata tuijadili. Sisi tulipanga siku tano. Tulikuwa wanne: mimi, yeye, Fundi na Shemeji.

Makambako ilikuwa baridi ya kukata masikio. Tulishusha baiskeli toka juu ya basi vidole havikunji. Kufikia saa sita tumeteremka sana, makoti yamefungwa kwenye keria, na mbigili zikaanza. Siku ile moja pancha saba, tano za Shemeji peke yake. Sikuwahi kumtazama Fundi akiziba pancha bila haraka ya mteja anayesubiri. Aliomba beseni kwa mama lishe, akachovya tyubu kipande kwa kipande, akikamua, mpaka uzi wa mapovu ukapanda. Akaikausha kwa shati lake. Akakwangua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipuliza, halafu akakaa kimya akiigusa kwa kidole kidogo mpaka ilipoacha kunata. Ndipo akaweka kiraka, akakigonga kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Mwenye beseni akasema, "Huyu anaziba kama anambembeleza mtoto." Kweli kabisa.

Kwenye madaraja ya reli hatukupita hata moja, kama nilivyomwahidi mume wangu. Tulishuka mtoni baiskeli begani, tukapanda ng'ambo.

Chimala tulifika siku ya tatu mchana. Upande wa kusini ule ukuta wa milima ulikuwa wazi mpaka juu, barabara ya Matamba na kona zake 57 inaonekana imechorwa ubavuni. Karibu na stesheni palikuwa na mzee chini ya mwembe, amevaa koti la kazi la bluu lililopauka mabegani, redio ndogo mapajani. Tukamwamkia. Akauliza tunatoka wapi na mizigo yote ile.

"Makambako, mzee."

"Kwa reli?"

"Kando ya reli."

Uso ukamfunguka. Akamwita mjukuu alete maji, tukanywa kwa zamu kwa kikombe kimoja cha bati. Akataka kujua tumepita wapi, wapi njia imeliwa na maji, nani yuko stesheni gani. Alikuwa amefanya kazi kwenye njia ya reli miaka mingi, hilo halikuhitaji kuulizwa. Na mimi kwa furaha ile nikatoa simu nimwonyeshe tulikopata wazo. Aliishika mbali na macho, mkono umenyooka wote.

"Hii njia ya nini?"

"Ya baiskeli, mzee. Zamani ilikuwa reli."

"Reli yenyewe iko wapi?"

"Waliing'oa."

"Na mataruma?"

"Nayo."

"Stesheni?"

"Nyingine wageni wanapumzikia. Pazuri sana, mzee. Natamani na huku tungepata njia kama hiyo."

Akanirudishia simu. Akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, ili wewe upite na baiskeli, sisi tufe kwanza?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya sembe. Sista alicheka, Shemeji akacheka, nami nikacheka, mzee mwenyewe akatabasamu, akamgeukia Fundi kumuuliza kama matairi yatafika Uyole. Tukaaga. Akatusindikiza mpaka njia panda, akasema, "Mungu awatangulie." Ni hivyo tu. Wenzangu nina hakika wameshasahau.

Mimi tangu siku ile namjibu. Nimemjibu nikikanyaga kwenda Igurusi. Nimemjibu kwenye msiba Tukuyu, watu wanaimba. Nimemjibu nikisahihisha majaribio ya kidato cha pili, mpaka nikampa mtoto mmoja alama mara mbili kwa swali lile lile. Hapana mzee, sikumaanisha hivyo. Hapana mzee, natamani njia iwe kando, treni iendelee kupita. Ningesema neno hilo moja tu, "kando", yote yangekwisha. Lakini neno lenyewe sikuwa nalo mdomoni, kwa sababu kweli sikuwa nimefikiria. Nilitazama picha mwaka mzima, nikahesabu kilomita, nikauliza habari za mawe yaliyosagwa, na sikuwahi kumuuliza mdogo wangu watu wa reli ile walikwenda wapi.

Hata hivyo siyo hilo linaloniamsha usiku. Ni lile "sisi". Hakusema reli ife. Alisema sisi tufe. Na mimi, katika watu wote waliosimama chini ya mwembe ule, ndiye niliyepaswa kulielewa, kwa sababu baba alisema hivyo hivyo maisha yake yote. Treni ikichelewa, "tumechelewa". Njia ikisombwa na mvua, "tumevunjika Mlimba". Aliajiriwa mwaka 1972, ana miaka kumi na tisa, kwenye kile kipande cha Mlimba kuja Makambako ambacho kina mahandaki na madaraja yasiyohesabika, akajifunza kazi kwa ishara za mikono kwa sababu yeye na Wachina hawakuwa na lugha. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976 alikuwa ameshakuwa mtu wa gengi, kile kikosi kinachokaa kambini kando ya reli kuitunza njia. Sisi tumezaliwa gengini. Alikuwa akinichukua Jumamosi kukagua njia, nyundo ya mpini mrefu begani, anagonga, anasikiliza, anagonga tena. Ubavuni mwa chuma kuna herufi za Kichina. Alinishika kidole akakipitisha juu yake, akasema, "Soma." Nami nikawa namsomea, natunga tu, na yeye anaitikia kwa kichwa kama ndivyo ilivyoandikwa.

Ningemwambia yule mzee hayo. Ilikuwa sentensi moja: "Mzee, na mimi ni mtoto wa gengi." Labda alimfahamu baba. Wa umri ule, wa kipande kile, labda waliwahi kula sufuria moja. Sikusema. Na sababu ninayo, ila naiandika kwa taabu. Sekondari walikuwa wakiniita hivyo, mtoto wa gengi, kwa sababu ya sare yangu iliyonuka grisi na moshi wa kambi, na nikajizoesha kunyamaza mtu akiuliza kwetu wapi. Nina miaka arobaini na mbili. Baba amelala udongoni mwaka wa tisa sasa. Na bado mdomo ulinyamaza wenyewe, kwa mazoea, mbele ya mtu pekee katika safari nzima ambaye angefurahi kusikia.

Jana usiku nilimpigia mdogo wangu nikamwambia yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Dada, kwani sikukwambia ile njia kisheria ni ya akiba?" Nikasema akiba ya nini. Akanieleza: Marekani kuna sheria ya mwaka 1983 inayoruhusu reli isiyotumika igeuzwe njia ya watu badala ya ardhi kugawanywa, ili tuta lake libaki zima, na siku treni ikihitajika tena irudi. Katy Trail imehifadhiwa kwa sheria hiyo. Watu wa baiskeli wanapita, lakini njia inaitunza nafasi ya treni.

Niliinuka kitini. Sijui niseme vipi, nilihisi kama mtu ameniletea ujumbe toka kwa mgonjwa kwamba amekula uji. Nikatembea sebuleni na simu sikioni, mume wangu akachungulia kuuliza kuna nini, nikamwambia, "Haikufa, imewekwa tu!" Akajua moja kwa moja nazungumzia nini. Wiki hii nzima na yeye amelisikia.

Na furaha hiyo ikafungua nyingine ambayo sikuwa nimeipa nafasi, ya siku ya mwisho. Toka Igurusi njia inapanda na kupanda. Karibu na Uyole ndipo TAZARA inafika kilele chake chote, mita 1,789 na ushee juu ya usawa wa bahari, hakuna mahali pa juu zaidi toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Tulikuwa tumepita Inyala, miguu imekuwa magogo, tukasikia muungurumo nyuma. Treni ya mizigo. Ilikuwa inapanda kwa shida kama sisi, mabehewa yanalia moja moja, na pale kinjia kilipokuwa kizuri tulikwenda nayo sambamba, hatua chache tu, wanne kwa mstari na kichwa cha treni pembeni. Mtu mmoja akatoa mwili nusu dirishani, akapunga kofia, akapaza sauti: "Vuta! Vuta, tumekaribia!"

Tumekaribia. Shemeji alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Fundi alikuwa anacheka na machozi. Mimi nilikanyaga.

Nimemwambia Sista mwezi wa tisa tupite Chimala kwa basi, nimpelekee mzee ndoo ya viazi. Habari za sheria ya Marekani nimezipanga vizuri kichwani, na mwaka wake. Lakini nikirudi kuzisikiliza naona zinajibu swali ambalo hakuuliza. Sijaamua nianze na lipi. Labda nimuulize kwanza kama alimjua baba, halafu ninyamaze nimsikilize.

Naandika haya saa nane usiku kwa sababu ya Chausiku, ng'ombe wetu. Leo ni siku ya 288 tangu apandishwe, wenzake huzaa ya 280 na kidogo. Kiwele kimejaa, chuchu zimekaza, lakini kwenye shina la mkia bado pagumu, na jioni hakugusa pumba. Nje kuna jalidi, nyasi za uani zimeanza kuwa nyeupe. Daktari wa mifugo simu yake haipatikani tangu saa mbili. Nimetoka na tochi mara mbili, amesimama tu, ananitazama, halali chini. Ngoja nitoke tena.